Droni yenye akili mnemba na binadamu aliye mbele ya skrini

Dhana: Droni ikijirusha yenyewe, mwendeshaji hana kazi.
Kazi anayo, tena mara nyingi ngumu kuliko ya awali. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliliandika hili mwaka 1983: mashine ikichukua yaliyo mepesi, mtu anabaki kuangalia tu, kisha mambo yakiharibika anaitwa ghafla ilhali mikono imeshasahau. Na kuangalia tu hatukuwezi. Majaribio ya mwanasaikolojia Norman Mackworth, yaliyochapishwa 1948, yalionyesha kuwa umakini wa anayesubiri ishara adimu hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza.

Dhana: Ajali zikitokea, kosa ni la rubani.
Aprili 2006, karibu na Nogales, Arizona, droni aina ya Predator B ya doria ya mpakani ilianguka usiku. Skrini ya rubani, aliyeiongoza akiwa ardhini, iliganda, akahamishia udhibiti kwenye meza ya pili ya mitambo, ya mwendeshaji wa kamera. Meza zilifanana. Tatizo ni wenzo mmoja: kwenye meza ya rubani unaendesha injini, kwenye ile nyingine unarekebisha mwanga wa kamera. Udhibiti ulipohama, wenzo ulikuwa umekaa pale ambapo kwa injini maana yake ni kukata mafuta. Injini ikazima. Kweli, rubani aliruka hatua ya kulinganisha nyenzo, lakini aliyeupa wenzo mmoja kazi mbili hakuwa yeye.

Dhana: Taarifa nyingi kwenye skrini ndiyo usalama.
Hapana. Milio ya tahadhari ikizidi, mtu huizoea na kuipuuza yote.

Dhana: Asilimia inatosha kuonyesha uhakika wa mashine.
“Mtu, 94%”, yaani mashine ina uhakika wa 94% kwamba imeona mtu, inaonekana ya kuaminika, ila mfumo uliofunzwa kwa picha za mchana mweupe unaweza kutoa namba kubwa vilevile kwenye ukungu, na ukakosea. Binafsi ningependelea skrini iseme inachokwenda kufanya: “Betri 22%, narudi kituoni baada ya sekunde 30.”

Dhana: Binadamu akithibitisha kila uamuzi, udhibiti ni wake.
Inategemea ana sekunde ngapi, na ameshathibitisha mangapi saa hiyo. Kidole huzoea kubonyeza. Angalia pia kukataa kunafanyikaje: kama kukubali ni mguso mmoja na kukataa ni kupekua menyu tatu, aliyechoka atakubali.