Je, wajua kwa nini dhahabu ni nzito kuliko madini ya risasi?

Chukua chupa ya lita moja. Ikijaa maji, uzito wake ni kilo moja. Ukiweza kuijaza risasi, itafika kilo 11 na ushei. Ukiijaza dhahabu, itakuwa kilo 19.3, karibu sawa na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ile ambayo mtu husaidiwa kujitwika. Ajabu ni kwamba atomu moja ya risasi ni nzito kuliko atomu moja ya dhahabu: kwa kipimo cha uzito wa atomu, ya risasi ni 207, ya dhahabu 197. Basi imekuwaje chupa ya dhahabu ishinde kwa mbali hivyo?

Jibu liko kwenye kubanana. Ndani ya metali hizi mbili atomu zimejipanga kwa mtindo uleule: mchemraba wenye atomu kwenye kila pembe na nyingine katikati ya kila uso. Upande wa mchemraba huo kwenye dhahabu ni nanomita 0.408 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwenye risasi ni 0.495. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ujazo ni upande mara upande mara upande, hivyo mchemraba wa risasi unachukua nafasi karibu mara 1.8 ya ule wa dhahabu. Atomu za risasi zimeshikana kilegevu. Ndiyo maana huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za Selsiasi, ilhali dhahabu husubiri mpaka 1,064.

Kinachonivutia zaidi ni kuilinganisha dhahabu na madini ya fedha. Atomu ya fedha ina uzito wa 108, na mchemraba wake una upande wa nanomita 0.409. Yaani dhahabu, yenye atomu nzito karibu mara mbili, inakaa kwenye nafasi ileile, tena ndogo kidogo! Mtu angetegemea atomu yenye protoni 79 na elektroni 79 iwe nene kuliko ile yenye 47. Lakini kati ya fedha na dhahabu kuna tabaka la elektroni 14 ambalo halikingi vizuri mvuto wa kiini cha atomu, kwa hiyo elektroni za nje huvutwa ndani. Mwaka 1925 mwanajiokemia (mtaalamu wa kemia ya miamba na madini) Victor Goldschmidt, aliyefanya kazi Norwei, aliupa jina msinyao huu wa atomu. Juu ya hapo, kiini cha dhahabu kina nguvu kiasi kwamba elektroni za ndani kabisa hukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, jambo linaloisinyaza atomu zaidi. Rangi ya njano ya dhahabu nayo inatokana na kasi hiyo.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya, Tanzania, wanautumia msongamano huu kila siku. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga hupitishwa na maji kwenye mwalo, ubao ulioinamishwa na kutandikwa zulia au blanketi. Hapo maji hayasafishi tu, yanaongeza tofauti. Kikavu, punje ya dhahabu ni nzito mara 7 hivi kuliko punje ya mchanga mweupe ya ukubwa uleule. Ndani ya maji kila punje hupunguziwa uzito wa maji inayoyasukuma pembeni, na kwa mchanga punguzo hilo ni kubwa sana kulingana na uzito wake, kwa hiyo dhahabu inakuwa nzito mara 11. Mchanga unachukuliwa na maji, dhahabu inanasa kwenye nyuzi za zulia. Kinachobaki nayo kwenye karai ni mchanga mweusi, ambao sehemu yake kubwa ni madini ya chuma yenye uzito mara 5 ya maji, na mwingi wake huondolewa kwa sumaku. Koltani, madini yanayotumika kwenye simu, ya Rubaya, Kivu Kaskazini nchini Kongo, nayo huoshwa kwa kanuni hiyohiyo.

Maji hayo hayo humsaidia mnunuzi kujua kama anauziwa dhahabu au anapigwa. Kipande cha dhahabu safi cha gramu 193 kikitundikwa kwenye mizani huku kimezama majini, hupungua gramu 10. Risasi ya uzito huo iliyopakwa dhahabu itapungua gramu 17, na shaba nyeupe hupungua zaidi ya 22. Hapo tapeli wa kawaida ameshakwama.

Anayebaki kuogopwa ni mwenye tungsteni. Metali hii, inayochimbwa pia Rwanda, ina uzito wa mara 19.25 ya maji, hivyo tofali lake lililovikwa dhahabu hupita kwenye mizani ya maji bila kushtukiwa. Mnunuzi asiishie hapo. Tungsteni ni ngumu na huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, kwa hiyo tofali likitobolewa kwa keekee au kuwekwa kwenye moto wa sonara, kilichomo ndani kitajitokeza. Asiyetaka kuliharibu atumie kipimo cha mawimbi ya sauti, kwa kuwa sauti hupita kwenye tungsteni kwa kasi kubwa zaidi kuliko kwenye dhahabu.