Surua Inavyoifuta Kumbukumbu ya Kinga ya Mwili

Swali tunaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: nitumie nini kupandisha kinga? Watu wanataja tangawizi na limau, unga wa mlonge, vidonge vya vitamini C vya bei kubwa. Mlonge ni mboga nzuri na limau lina faida zake, kwa hiyo tuvile. Ila hakuna unga unaoufundisha mwili kuitambua surua wala pepopunda, na sehemu kubwa ya kinga ya mtu mzima ni mambo ambayo mwili wake umekwisha kujifunza. Tena kinga kuchachamaa ovyo nako ni ugonjwa. Pumu, mzio na baridi yabisi hutokana na kinga inayoshambulia kisichostahili kushambuliwa.

Mwili una njia mbili za kujihami. Ya kwanza tunazaliwa nayo: ngozi, kamasi, tindikali ya tumboni, na chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu bila kuuliza ni vya aina gani. Usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni chembe hizo zilizokufa kazini. Njia hii huanza kazi ndani ya saa chache, lakini haina kumbukumbu ndefu.

Njia ya pili ni ya kujifunza. Chembe nyeupe ziitwazo B na T, zinazotoka kwenye uboho wa mifupa, kila moja hutambua kitu kimoja tu. Kijidudu kigeni kinapoingia, zile chache zinazokitambua huanza kuzaana kwa wingi kwenye tezi, na ndiyo maana mitoki huvimba. Chembe B hutengeneza kingamwili zinazokinasa kijidudu. Chembe T huua seli zilizokwisha kuvamiwa, na kundi lake moja, CD4, huzielekeza nyingine. Virusi vya UKIMWI huliandama kundi hilo, ndiyo maana anayeishi navyo bila kutumia ARV huishia kushindwa hata na maradhi madogo. Mara ya kwanza kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili, nawe unaumwa muda wote huo. Kijidudu kikishindwa, chembe nyingi hufa, chache hubaki kama kumbukumbu. Kikirudi, hukutana na mwili unaokifahamu, na mara nyingi hutajua hata kama kilipita.

Kumbukumbu hiyo inaweza kudumu umri mzima. Mwaka 1846 surua ilivipiga Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, na watu zaidi ya 6,000 kati ya takriban 7,800 wakaugua. Daktari kijana kutoka Denmark, Peter Panum, aligundua kuwa wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuguswa, ingawa ilikuwa imepita miaka 65 bila ugonjwa huo kuonekana visiwani.

Lakini si kila kinga hudumu hivyo. Kinga ya malaria wanayoipata wakazi wa maeneo yenye mbu ni ya nusunusu, na hufifia usipoumwa tena. Aliyekaa miaka mingi Muscat au London, akirudi kusalimia ndugu Tanga au Kisumu, atumie dawa za kuzuia malaria na alale kwenye chandarua, hata kama alizaliwa hapo.

Surua nayo ina ubaya wa pekee. Kirusi chake hushambulia zile zile chembe zinazotunza kumbukumbu. Utafiti wa mwaka 2019 kwa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa ulionyesha kuwa baada ya surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Mtoto anapona vipele, lakini anabaki wazi kwa nimonia na kuhara, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka miwili mitatu. Chanjo ya surua haifuti chochote, kwa sababu kirusi kilichomo kimedhoofishwa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kutoiita surua ugonjwa wa kawaida wa utotoni.

Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua na rubela mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Kwenye miezi 9 bado baadhi ya watoto wana kingamwili za mama zinazoizuia chanjo isifanye kazi. Katika kila watoto 100, kama 15 hivi hawapati kinga kwa dozi hiyo, na huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Dozi ya pili imewekwa kwa ajili yao, na ndiyo wazazi wengi wanayoisahau, maana mtoto ameshatembea na safari za kliniki zimepungua.

Mengine mnayajua, nitayapitia haraka. Mtoto anyonye dang'a tangu saa ya kwanza, na maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kwani yana kingamwili zinazoulinda utumbo wake. Baadaye ale dagaa, maharage, maini, matembele, papai lililoiva na viazi lishe, na mboga ziwekewe mafuta kidogo ili mwili ufyonze vitamini A. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kuanzia miezi 6 hadi miaka 5. Kwa watu wazima, usingizi wa kutosha na kuacha sigara na pombe husaidia kuliko kopo lolote la virutubisho.

Bado wapo wanaomfungia ndani mtoto mwenye surua wakingoja vipele vitoke. Mpelekeni kituoni mapema. Atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, nayo hupunguza hatari ya kifo na upofu.

Na kama mtoto wako amepita miezi 18 bila dozi ya pili, hajachelewa. Nenda naye zahanati, hata kama kadi ya kliniki imepotea. Ikiwa hakuna anayekumbuka kama alichanjwa au la, achanjwe tu. Dozi ya ziada haimdhuru.