Daktari wa moyo hashiki kisu, na mambo mengine tunayoyadhania

Ukisema daktari wa moyo, wengi wetu picha inayokuja ni jamaa kavaa magauni ya kijani kashika kisu, kifua cha mtu kiko wazi. Huyo ni daktari wa upasuaji wa moyo, wanafanya kazi pamoja ila si mmoja. Chukua hospitali moja tu, Groote Schuur ya Cape Town. Desemba 3, 1967 Christiaan Barnard alipandikiza pale moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani, yeye alikuwa mpasuaji. Januari ya mwaka huohuo alikuwa kazaliwa mtoto anaitwa Bongani Mayosi, akaja kuwa bingwa wa moyo hapohapo Groote Schuur na mwaka 2006 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza idara ya tiba, na hakuwa mpasuaji. Kazi za bingwa wa namna yake ni kusikiliza kifua, kusoma eko, yani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, na kipimo cha umeme wa moyo, kupanga dawa. Wapo na wale wa kathilabu, chumba maalum cha kazi hiyo, wanaopitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja wakaweka stenti, kijibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo ulioziba, na hapo ndo watu wanachanganya kabisa maana mgonjwa anarudi home anatangaza kapasuliwa moyo kumbe kidonda chenyewe katundu kadogo tu karibu na kiganja.

Na usidhani ni kozi ya haraka. Hapa Tanzania ni miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa intanship, masters ya magonjwa ya ndani miaka 3, alafu ndo uanze ubobezi wa moyo. Wenzako ulioanza nao fomu siksi wengine washajenga.

Ya pili: "akianza utafiti basi wagonjwa kawasahau". Hii nadhani ni kinyume kabisa, maana maswali mazuri yanatokea wodini. Huku kwetu Afrika TB inaweza kushambulia ule mfuko unaozunguka moyo, unajaa maji, baadae unaweza kukakamaa ukaubana moyo. Miaka na miaka madaktari wengine walikuwa wanaongeza prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, juu ya dawa za TB, wengine hawaongezi, kila mtu na imani yake. Mayosi na wenzie, akiwemo Salim Yusuf wa Canada, wakaanzisha jaribio la IMPI, wagonjwa 1,400 kwenye nchi 8 za Afrika, matokeo yakatoka 2014. Ukijumlisha vifo na madhara makubwa ya moyo, waliopewa prednisolone na waliopewa plasebo, yani kidonge kisicho na dawa ndani, walikaribiana sana, asilimia 23.8 kwa 24.5. Mioyo iliyobanwa ilipungua, ndio, 4.4 kwa 7.8, lakini saratani zinazoendana na HIV zikaongezeka. Sasa mtu anasema aah, dawa imefeli, miaka yote hiyo bure. Bure vipi? Daktari wa wodini sasa anajua dawa ile inasaidia nini na inaharibu nini, na kwa mgonjwa mwenye HIV afikirie mara mbili kabla ya kuiandika.

Alafu plasebo inaogopwa kuliko inavyostahili, watu wanaona kama umeachwa ufe. Kwenye IMPI hakuna aliyenyimwa dawa za TB, plasebo ilikuwa badala ya ile prednisolone ya nyongeza tu, yani kitu ambacho hakuna aliyekuwa na uhakika nacho.

"Mnatufanya panya wa maabara." Hii ndo kubwa na siidharau, watu wana sababu za kuogopa. Ila ngoja niwape kisa cha jaribio la CAST, Marekani. Mtu akishapata mshtuko wa moyo, mapigo yanaweza kurukaruka, na yakirukaruka hatari ya kufa inapanda, kwa hiyo madaktari wakawa wanawapa encainide na flecainide ambazo kweli zinatuliza ile mirukoruko. Akili inakubali kabisa. Kwenye jaribio, kati ya 755 waliopewa dawa walikufa 63, kati ya 743 wa plasebo walikufa 26. Kamati huru iliyokuwa inachungulia namba ikasimamisha dawa hizo 1989 bila kungoja jaribio liishe. Fikiria sasa, mtu wa ndani ya jaribio alikuwa na kamati inamhesabia, wale wa mtaani walioandikiwa dawa hizohizo na daktari wao mwenye nia nzuri kabisa nani aliwahesabu? Panya alikuwa nani hapo? Na bado ridhaa ni lazima, unasoma fomu, unauliza, ukichoka unatoka na matibabu yako yanaendelea. Ukiona mtafiti anakukimbiza usaini, ondoka.

Dawa mpya ndo bora? Jaribio la INVICTUS la 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye valvu (milango ya moyo) zilizoharibiwa na rumatiki, ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo, na mapigo yasiyo na mpangilio, rivaroxaban, dawa ya kisasa ya kuzuia damu kuganda, ikapambanishwa na jamii ya warfarin, ile ya kupima damu kila mara inayochosha. Waliokuwa kwenye dawa ya zamani walikufa wachache zaidi.

Eti bingwa hana shida zake. Mayosi alifariki Julai 27, 2018 akiwa na miaka 51, familia ikasema wazi kwamba alikuwa na sonona kwa miaka miwili na akajitoa uhai. Mtu aliyetibu wengi hivyo.

Ya mwisho, kwamba tafiti za moyo ni mambo ya wazungu na mashine za mabilioni. Hapo jirani Uganda, watoto 818 walikutwa kwa eko na dalili za mwanzo za rumatiki ya moyo, wenyewe hawajisikii chochote. Nusu wakachomwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakuchomwa. Mwisho wa siku ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 upande wa sindano, na 33 upande mwingine. Sindano yenyewe ni benzathine penisilini ileile ya zamani, na inauma, uliyewahi kuchomwa unajua siku hiyo unakaaje kwenye kiti.