Je, wajua kwa nini kukaza springi ya nyuma hakuifanyi pikipiki ibebe vizuri zaidi?

Pikipiki kubwa za safari ndefu za miaka ya 1970 na 1980, kama Honda Gold Wing au zile BMW zenye silinda zilizotokeza kushoto na kulia, nyingi zina pete ya kukazia springi ya nyuma. Nyuma ikianza kukaa chini, mwenyewe anaipeleka kwa fundi, fundi anachukua ufunguo wa ndoano, anazungusha pete. Nyuma inapanda. Mteja analipa, anampakia mama watoto na mizigo, anatoka hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na kushika barabara ya Sake. Kabla hajafika Mugunga mgongo umeshamwambia kwamba hakuna kilichobadilika.

Siri iko kwenye springi yenyewe. Chukua springi mbili za nyuma ambazo kwa pamoja zinahitaji kilo 4 ili zishuke milimita 1. Abiria wa kilo 60 akipanda, nyuma inashuka kama milimita 15. Sasa kaza pete milimita 20. Umezibana kwa kilo 80 hata kabla ya mtu kukaa, kwa hiyo pikipiki imesimama juu zaidi. Lakini abiria yuleyule akipanda, inashuka milimita 15 zilezile. Kila milimita bado inadai kilo 4, kwa sababu waya ni uleule, unene uleule, mizunguko ileile. Kanuni hiyo Mwingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678, na hakuna ufunguo wa gereji uliowahi kuitangua. Kuna springi ambazo mizunguko yake imebanana upande mmoja. Hizo ukizikaza sana, ile mizunguko iliyobanana inafungana na springi inakuwa ngumu kidogo, ila tofauti si ya kutegemea.

Kukaza si kazi bure. Nyuma ikikaa chini mno, taa inamulika juu na kuwapofusha wanaokuja, usukani unakuwa mzito kukata kona, na gurudumu la mbele linakosa uzito. Pete inarekebisha hayo. Ila kila unachoongeza juu unakipunguza chini: gurudumu linahitaji pia nafasi ya kushuka ili lifuate shimo. Ukikaza hadi mwisho, nafasi hiyo haipo tena, tairi linaruka juu ya shimo na kutua kwa kishindo upande wa pili.

Halafu springi haitulizi. Inapokea nguvu na kuirudisha karibu yote. Anayetuliza ni shokapu, au amotisa kama tunavyoiita Goma: ule mtungi ulio katikati ya springi. Ndani yake pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye vitundu na visahani vyembamba vya chuma, na kule kupita kwa shida kunageuza mdundo kuwa joto.

Hilo joto ndilo linaloua shokapu hapa kwetu. Mji umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo. Ya Januari 2002 ilifunika hata sehemu ya uwanja wa ndege, na mitaa mingi ya ndani bado ni mawe meusi yaliyochongoka. Shimo kubwa dereva huliona akapunguza mwendo. Mawe madogo ya lava hayakwepeki. Kila mita pistoni inapanda na kushuka, haipati nafasi ya kupoa, na mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi na kupita vitunduni bila upinzani. Kwenye shokapu za zamani ambamo mafuta na hewa vimewekwa pamoja, vinachanganyika vikawa povu, na pistoni inayokata povu haizuii kitu. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon ndiye aliyetafutia jambo hilo dawa katika miaka ya 1950: aliitenga gesi yenye mgandamizo kwa pistoni ya pili inayoelea, mafuta yakabaki yamebanwa muda wote. Shokapu nyingi nzuri za leo zinafuata mpango huo, na gesi yake ni nitrojeni, ambayo haina unyevu na haiunguzi mafuta. Usikubali mtu aikate au kuichomelea ikiwa bado na gesi ndani. Inaweza kulipuka.

Njia rahisi ya kujua hali yake haihitaji kifaa. Ukishuka baada ya mwendo wa mawe, sogeza mgongo wa mkono karibu na mitungi yote miwili, kisha gusa taratibu. Ikiwa yote ina joto, inafanya kazi. Mmoja wa moto na mwingine baridi: ule baridi umekufa, na mwenzake anafanya kazi ya wawili. Mafundi wengi wanatafuta mafuta yanayovuja tu, na shokapu inaweza kuwa kavu kabisa nje huku imekwisha ndani. Kwa mwenye shokapu iliyokwisha hivyo, kununua springi ngumu peke yake ni kuharibu zaidi, maana springi ngumu inarudisha kwa nguvu kubwa na hakuna wa kuizuia.

Kabla ya kununua, pima. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, gurudumu likining'inia, upime kutoka ekseli hadi alama uliyoweka juu yake kwenye fremu. Ishushe, upime ikiwa peke yake. Kisha pandeni wote na mizigo ya kawaida, mtu wa tatu apime. Tofauti na kipimo cha kwanza ndiyo kuzama kwake. Kwa gurudumu lenye nafasi ya kupanda na kushuka ya milimita 110, likizama 35 hivi mkiwa mmepanda, ni sawa. Theluthi moja ndiyo hesabu ya kawaida. Pikipiki ikiwa peke yake nayo inapaswa kuzama kidogo. Ikiwa, ili upate ile theluthi, imebidi ukaze mpaka pikipiki tupu haizami kabisa, springi ni laini mno kwa mizigo yenu, na hapo hakuna pete itakayokusaidia.

Hivyo vipimo, pamoja na uzito wenu na wa mizigo, ndivyo vya kumpa muuzaji. Öhlins ya Uswidi, Hagon ya Uingereza na YSS ya Thailand hutengeneza shokapu za pikipiki za umri huo. Kule Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, utapata za pikipiki ndogo za kazi, na zikifungwa kwenye Gold Wing yenye kilo zaidi ya 250 zitakufa upesi. Urefu nao usibadilishe ovyo: Gold Wing na BMW hizo zinazungusha gurudumu kwa shafti, na shokapu ndefu inakunja jointi ya shafti kwa pembe ambayo haikukusudiwa. Stendi ya kati pia inaweza isifike chini sawasawa.

Na kabla ya kutoa hela, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi za mkono unaolishika, au za gurudumu lenyewe, zimekwisha. Anza na hizo.