Je, kokoto za reli ni za kuzuia majani tu?

Wengi wamekua wakiamini kwamba reli hutulia kwa uzito wake, na kokoto zimemwagwa pale kuzuia majani yasiote. Majani kweli hupata taabu kuota, lakini hiyo ni faida ya pembeni.

Kinachozifanya reli mbili zisiachane ni mataruma, yale ya mbao, chuma au zege yaliyolazwa chini yake. Kila reli hubanwa kwenye taruma kwa vibanio vya chuma, ili nafasi kati yao ibaki ileile: milimita 1,000 kwenye reli ya zamani ya kati Tanzania, 1,067 ile ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, 1,435 kwenye SGR, reli mpya ya kisasa.

Kokoto nazo huyashika mataruma yasiteleze. Jua likiwaka, chuma hutanuka. Reli ya kilomita 1 iliyo huru, joto likipanda nyuzi 30, ingerefuka kama sentimita 35! Ikiwa imeungwa kwa kuchomelewa haina pa kwenda, hivyo hutaka kupinda kando. Ndiyo maana kokoto huwa zenye kona kali, si za mviringo kama za mtoni: hukamatana.

Ukiwa stesheni, tazama kutoka jukwaani (usishuke relini) utaona kokoto zimerundikwa hata nje ya ncha za mataruma.