Kuhakikiwa si kuthibitishwa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: "Utafiti huu umehakikiwa na wataalamu na kuchapishwa kwenye jarida la kisayansi, kwa hiyo hauna shaka."

Sivyo. Wahakiki, mara nyingi wawili au watatu, husoma andiko na kuhoji hoja zake. Kwa kawaida hawarudii jaribio lenyewe. Neno ndilo linalotuchanganya: "kuhakikiwa" linasikika kama kupewa uhakika.

Ukitumiwa makala ya utafiti kama huo, usiishie kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo. Fungua sehemu ya mbinu, inayoeleza utafiti ulifanywaje. Walichunguzwa watu wangapi? Kulikuwa na kundi la kulinganisha? Ikisiri inaweza kusema dawa "ilipunguza uvimbe", ukishuka kwenye mbinu unakuta ni panya, au seli zilizooteshwa maabara. Hapo ndipo wengi hupotea, na inaniuma, maana mgonjwa anaweza kuacha dozi yake kwa ujumbe wa namna hiyo. Soma pia upungufu ambao waandishi wenyewe wameukiri, na nani alifadhili. Kisha tafuta jina la makala mtandaoni: hata zilizohakikiwa, baadhi huondolewa na jarida baadaye.

Kama bado hujasoma mbinu, tafadhali usiusambaze ujumbe huo.