Kiinua mgongo si pensheni

Kila inapozuka hoja ya kuwatambua wazimamoto wa kujitolea Nairobi, wale vijana wa Mukuru na Mathare wanaobomoa mabati ya chumba cha kati ili moto usivuke huku gari la kaunti likitafuta njia, mtu husimama kikaoni akasema: "Nao wagawiwe pensheni ya wale walioajiriwa." Nia ni njema kabisa. Neno ndilo limekosewa, na kosa hilo huua hoja kabla haijajadiliwa.

Pensheni ni kipato cha kila mwezi baada ya kustaafu, kinachotokana na michango ya miaka ya kazi. Kiinua mgongo ni fedha za mkupuo mmoja za kushukuru utumishi. Basi.

Neno la pili lina picha ndani yake. Mtu ameinama kutwa kwa jembe au mzigo. Anapojinyoosha, anatiliwa kitu mkononi. Kitu hicho ndicho kinachouinua mgongo. Yaani ni shukrani kwa muda aliouinamia, awe alikuwa na mshahara au hakuwa nao. Pensheni imetujia kupitia Kiingereza, na mzizi wake ni neno la Kilatini, pendere, kupima kwa mizani, kwa kuwa zamani malipo yalikuwa madini yanayopimwa uzito. Hadi leo pensheni hupimwa, na jiwe la mizani ni ujira, neno lililo jirani kabisa na ajira, mwajiri na mwajiriwa.

Tazama hati ya mshahara ya askari wa zimamoto wa kaunti. Mfanyakazi hukatwa asilimia 12 na kaunti huongeza 15. Kwa mshahara wa shilingi 40,000 unaohesabiwa kwa pensheni, hizo ni 4,800 na 6,000, jumla 10,800 kwa mwezi, zikiingia kwenye akaunti yenye jina lake. Sasa chukua wa kujitolea: asilimia 12 ya sifuri ni sifuri. Wala huwezi kumchotea kwenye akaunti ya mwenzake, maana fedha hizo ziko mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya wanachama, na mdhamini akizigawa nje anavunja sheria.

Mkanganyiko umechangiwa na kanuni moja. Mwanachama wa mfuko wa pensheni anapostaafu anaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja taslimu, na iliyobaki humlipa kidogo kidogo. Theluthi hiyo watu huiita kiinua mgongo. Siyo. Ni pensheni yake mwenyewe iliyotangulia, na ndiyo maana malipo ya mwezi hupungua kwa kiasi alichochukua.

Wanaotaja Marekani kama mfano wa "kugawana pensheni" nao hawajatazama kinachogawanywa. Katika jimbo la Pennsylvania kuna kodi ya asilimia 2 ya ada za bima ya moto zinazotozwa na kampuni zilizosajiliwa nje ya jimbo. Fedha hugawiwa miji kwa kuangalia idadi ya watu na thamani ya majengo. Mji wenye wazimamoto wa aina zote mbili hupata mafungu mawili: moja huingia mfuko wa pensheni wa walioajiriwa, jingine huenda kwa chama cha misaada cha wanaojitolea. Kinachogawanywa ni chemchemi. Mitungi inabaki miwili. New York nako, mipango ya tuzo za utumishi kwa wanaojitolea huhesabu pointi: kuitikia miito, mazoezi, zamu kituoni. Ukifikisha 50 ndani ya mwaka, mwaka huo unahesabiwa. Mshahara hauulizwi popote. Huo ndio msingi wa kiinua mgongo: utumishi, si ujira. Na bila daftari la mahudhurio linalotiwa sahihi kila tukio hakiwezekani, kwa sababu miaka kumi baadaye hakuna atakayethibitisha nani alikuwepo.

Kwa hiyo anayeandika hoja ya kupeleka kwenye bunge la kaunti aliache neno pensheni kwa walioajiriwa. Kwa wa kujitolea aandike "kiinua mgongo cha utumishi", ataje chanzo chake cha fedha kilicho nje ya mfuko wa wafanyakazi, na aseme ni nani atakayeshika daftari.